Mke naye apewe sura zake

Mhariri, mmeuliza wiki hii: hadithi za mapenzi kuhusu mtu anayejikubali uzeeni kwamba moyo wake uko kwa mtu wa jinsia yake zina faida gani kwa msomaji? Mimi ni mwanamke niliyekaa kwenye ndoa miaka mingi, na vitabu vya aina hii huvisoma nikimtafuta mke. Nikimkuta amewekwa pale kama pazia tu, la kufunguliwa ili wapenzi wapite, kitabu hicho nakiweka chini.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Mr Loverman cha Bernardine Evaristo, kilichotoka mwaka 2013. Barrington Walker ana miaka 74, mzaliwa wa Antigua, kisiwa cha Karibiani, anayeishi Hackney, London. Ni mtanashati, hatoki bila suti, ana nyumba za kupangisha na mabinti wawili watu wazima. Ndoa yake na Carmel imefikisha miaka hamsini. Mpenzi wake, tangu wakiwa vijana kule kisiwani, ni Morris, ambaye familia nzima inamjua kama rafiki yake wa chanda na pete.

Carmel anajua kuwa hapendwi, ila sababu ndiyo haijui. Mume akirudi usiku wa manane, yeye anaamini katoka kwa wanawake. Kwa hiyo maisha yake yote amegombana na wanawake ambao hawakuwahi kuwepo, amewalilia mbele za Mungu pamoja na wenzake wa kanisani, huku Morris akikaribishwa mezani kwake kama mgeni wa heshima. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mke mwenye mumewe malaya angalau anajua anashindana na nini. Huyu hata wivu wake umepotezwa njia.

Evaristo hakumwacha hapo. Sura za Barrington anazisimulia mwenyewe, kwa maneno mengi na majigambo, mpaka unampenda bila kutaka. Sura za Carmel ni kama utenzi: zinamsemesha yeye, wewe Carmel, wewe, sentensi zinatiririka bila nukta, toka alipokuwa bibi harusi mpaka uzeeni. Tunamwona akiwa kazini, tunamwona akitamani na kutamaniwa. Ukifika mwisho unatambua kwamba watu waliofungwa ndani ya siri ile hawakuwa wawili.

Atakayeuliza kwa nini basi alioa, atazame miaka. Kijana wa Antigua wa wakati ule alikuwa na sheria ya Mwingereza juu ya kichwa chake, ile iliyoharamisha mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume. Alipohamia London aliikuta sheria ileile ikimsubiri; Uingereza yenyewe ilianza kuilegeza mwaka 1967 tu, na Antigua mahakama imeifuta Julai 2022. Kenya na Tanzania tuliirithi kwa mkoloni huyohuyo, na bado tunayo. Ndoa ilikuwa ngao. Naelewa, na moyo wangu unamwonea huruma Barrington kwa dhati. Ila ngao aliyoishika alikuwa ni mtu, na Morris mwenyewe, ndoa yake ilipovunjika, alimwomba waishi pamoja akakataliwa. Hofu ya mzee huyu iliwagharimu wawili, si Carmel peke yake. Mwandishi analisema hilo waziwazi bila kumgeuza Barrington kuwa shetani, na sijui wangapi wangeweza.

BBC walikifanya tamthilia mwaka 2024. Lennie James kama Barrington ni mzuri, lakini mtazameni Sharon D. Clarke katika nafasi ya Carmel, hasa pale anaponyamaza.

Lawama yangu ni moja. Barrington ana mali. Siku anapoamua kusema ukweli, kuna nyumba ya kuhamia, na kuna cha kumgawia Carmel. Naye Carmel anapata pa kwenda, Antigua, na mwanamume wa kumpenda anamkuta huko. Nawafurahia wote, walistahili. Lakini wengi waliofunga ndoa kama ile hawana hata chumba cha pili. Ukweli ukisemwa jioni, usiku bado watalala kitanda kimoja, na asubuhi kodi ni ileile ya wote wawili. Hadithi ya watu hao, iliyoandikwa kwa Kiswahili, sura za mume na sura za mke, ndiyo ninayoisubiri. Anayeiandika anitumie hata ikiwa haijakamilika.