Sisi ni mapacha wa kufanana, mbona kisukari kimempata mmoja?

SWALI: Daktari, mimi naitwa Doto, niko Igombe, Mwanza. Kulwa wangu amekutwa na kisukari cha ukubwani akiwa na miaka 46. Mimi nilipima mwaka jana, sina. Tunafanana hadi mama alikuwa akituchanganya. Kama jeni zetu ni zilezile, imekuwaje? Na mimi niko salama?

JIBU: Dada Doto, pole kwa kuuguza.

Jeni zenu ni zilezile kweli. Tofauti iko kwenye zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Jeni ni vipande vya uzi uitwao DNA, na kila seli ina uzi huo wenye urefu wa karibu mita 2. Hapo Igombe umeshaona mvuvi akizungusha mshipi kwenye kijiti: uliokazwa hauchomoki, uliolegea unatoka ukiugusa tu. Vijiti vya seli ni protini ziitwazo histoni. Jeni ikikazwa hapo, haisomwi. Tena uzi wenyewe hubandikwa alama ndogo za kikemikali, methili, ambazo mara nyingi huizima jeni bila kugusa herufi yake hata moja. Hiyo ndiyo epijenetiki. Ndiyo maana kongosho hutengeneza insulini na ngozi haitengenezi, ingawa zote zina maelekezo yaleyale.

Alama hizi hubadilika kwa umri, chakula na moshi wa sigara. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania walichapisha vipimo vya jozi 40 za mapacha kama ninyi, wa miaka 3 hadi 74. Alama za watoto zililingana sana. Za wakubwa zilikuwa zimetofautiana, hasa za walioishi mbalimbali. Alama nyingine huwekwa mtoto akiwa bado tumboni: Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walikutwa, miaka 60 baadaye, na methili pungufu kwenye jeni moja ya ukuaji kuliko ndugu zao.

Sitasema alama hizo peke yake ndizo zilizomletea Kulwa kisukari. Uzito wa mwili na kukaa bila kutembea vina nguvu kubwa.

Salama? Hapana, dada yangu. Pacha wa kufanana wa mwenye kisukari hiki yumo hatarini kuliko ndugu mwingine yeyote. Pima kila mwaka, asubuhi kabla ya kula chochote. Sukari ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, rudia siku nyingine. Ikirudi hivyohivyo, ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, usisubiri mwaka mwingine, muone daktari. Na dawa za mitaani za "kuamsha jeni" usinunue. Hela hiyo nunua vipimo vya sukari vya Kulwa.