Dada uliyeuliza kwa nini mtoto kagoma mpira: mimi nimefundisha watoto, naomba nikujibu kwa kirefu

Dada mleta mada, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema mwanao ana miaka 11, zamani usiku wa kuamkia mechi alikuwa halali kwa furaha, sasa wiki ya tatu kila Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma na ikifika adhuhuri limepona, unauliza ni uvivu au kipaji hana. Halafu mwisho kabisa ukaandika kama kwa kupita tu kwamba baba yake "huwa anahamasisha sana" akiwa pale kiwanjani. Hapo ndo penyewe dada yangu. Nimefundisha watoto chini ya miaka 13 hapa Tanga miaka 9, Makorora na Mikanjuni, na hilo tumbo la Jumamosi nalijua vizuri sana.

Nilikuwa na dogo mmoja winga, mguu wa kushoto mtamu, mtoto wa kupita watu bila kutumia nguvu. Baba yake alikuwa haachi mechi hata moja, na hasimami sehemu moja, anatembea na laini sambamba na mwanae, mwanae akipanda naye anapanda. "Butua! Rudi! Piga mwenyewe! Unampa wa nini huyo?" Mimi wiki nzima nawafundisha watulie na mpira, watoke nao nyuma kwa pasi, yeye Jumamosi anamwambia abutue. Sasa mtoto wa miaka 12 amsikilize nani, kocha wa siku tatu kwa wiki au mtu anayelala nyumbani kwake?

Nikaanza kuona kitu. Mpira ukimfika mguuni, kabla hajaugusa mara ya pili shingo ishageuka, anamtafuta baba yake alipo. Ni nusu sekunde tu, ila kwenye nusu sekunde hiyo beki ashafika kamnyang'anya, na akinyang'anywa inakuja sauti kutoka pembeni, "garasa wewe!", kiwanja kizima kinasikia, wenzake wanasikia, na dada zake waliokuja kuangalia wanasikia. Baada ya miezi akawa hautaki kabisa mpira, anajificha nyuma ya beki wa wenzetu ili asipewe pasi. Watu wakasema kashuka kiwango. Hakushuka kitu, alikuwa anaogopa kuamua, maana kila akiamua kuna mtu anamhukumu hapohapo kwa sauti.

Siku moja tumefungwa 2-1. Nafunga begi la mipira nawaona wanaondoka, dogo kakaa kwenye keria ya baiskeli na jezi bado kaivaa, mzee anakanyaga pedeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unachora hewani jinsi ile pasi ilivyotakiwa kupigwa. Wamefika kona ya barabara bado mkono unachora. Mtoto kalaza shavu kwenye mgongo wa baba yake, kanyamaza kimya. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo. Mwezi haukuisha akaacha kuja mazoezini.

Mwaka jana nikakutana naye stendi ya Kange, kijana mkubwa sasa, nikamuuliza mpira vipi. Akaniambia, "Kocha, mimi mpira nilikuwa naupenda, ila nyumbani ulikuwa hauishi." Nikakosa cha kumjibu.

Na niseme ukweli wangu hapa. Mimi nilinyamaza. Yule mzee ndo alitununulia jezi seti nzima na mipira miwili saizi 4, na timu za watoto huku mtaani mnajua zinavyoishi, mchango wa maji tu kuukusanya ni kazi, nikawa najiambia nikimgusa huyu atachukua vitu vyake aondoke na watoto watacheza vifua wazi. Nikamuuza mtoto kwa jezi. Makocha mnaosoma hapa, mzazi akileta jezi mshukuruni mbele za watu, lakini siku hiyohiyo mwambieni pembeni kwamba jezi hazimpi kazi ya ukocha. Ukichelewa hutaweza tena.

Tena sio akina baba peke yao, na sio kwa mtoto wao tu. Kuna mechi wenzetu walikuwa na beki mrefu kweli, mwembamba, akina mama wa upande wetu wakaanza "kijeba huyo! kijeba! ana mke huyo!", yaani ni mtu mzima kadanganya umri. Mimi yule mtoto nilikuwa namjua, ana miaka 12, mrefu tu kama baba yake. Kipindi cha pili hakurudi uwanjani, tukamkuta nyuma ya mti analia, anamuuliza kocha wake kama anaweza kuruhusiwa kucheza na wakubwa ili asiitwe vile. Kweli vijeba wapo, kudanganya umri kupo na kunaudhi, hasa kipindi cha kuchagua timu za UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ambapo presha ya wazazi inapanda maradufu. Lakini malalamiko ya umri yanaenda kwa waandaaji na vyeti vinaangaliwa kabla ya mechi. Huwezi kumpigia kelele mtoto wa mwenzio kwa urefu aliopewa na Mungu. Na marefa nao hivyohivyo, tulikuwa na kijana wa miaka 17 anajifunza kuchezesha, kakataa penati moja, wazee watatu wakamfuata mpaka alipoacha baiskeli yake. Filimbi akamrudishia mwenyewe siku ileile.

Ukiwauliza wanakwambia "mpira ndo kelele". Wengi tumekulia uwanja wa Mkwakwani, kuna wazee wetu walioiona timu yetu ya Coastal Union inabeba ubingwa wa nchi 1988, kelele ziko kwenye damu. Sawa, Mkwakwani piga kelele mpaka sauti ikauke, wale ni watu wazima na wanalipwa. Huyu wa miaka 11 halipwi na mtu, kaja kucheza na rafiki zake.

Ujue hata wenzetu wana tatizo hili. Mwaka 1999 kaskazini mwa Ohio kule Marekani ligi moja ya soka ya wasichana ilitenga Jumapili moja nzima wazazi wasiseme neno. Waingereza nao, FA yao, yaani chama chao cha soka, ikaanzisha kampeni ya Respect mwaka 2008, mojawapo ya mambo yake ni kuwatengea watazamaji eneo lao nyuma ya kamba. Nilivyosikia hiyo nikasema kamba? Tanga hii ukose kamba! Tukanunua kamba ya mkonge, tukaifunga hatua tano kutoka kwenye laini, wazazi wote upande mmoja, mabenchi upande wa pili. Wiki ya kwanza matusi tulikula. Kamba ikabaki palepale.

Kingine kilichotusaidia ni machungwa. Msimu wake ukifika tunachukua ya Muheza, na kazi ya kumenya ya mapumziko tunampa mzazi mwenye mdomo kuliko wote, tunampa kisu na ndoo dakika kumi kabla ya mapumziko. Mtu anayemenya machungwa 30 hana muda wa kutembea na laini, na watoto wakija wanamzunguka wanamwita baba fulani asante, naona hata sura inabadilika.

Sasa wewe dada. Shemeji usimwambie siku ya mechi, na usimwambie mbele ya mtoto, hapo atajihami tu. Kama unajua wewe hatakusikia, mtumie mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au rafiki yake wa msikitini, mwanaume mwenzie amwambie. Mwombe mechi mbili tu asiende, aende mazoezini, akae mbali aangalie. Na ile safari ya kurudi nyumbani asiongelee mechi mpaka mtoto aianze mwenyewe, amuulize ana njaa au hana, basi. Naamini anampenda mwanae, mtu asiyependa haamki Jumamosi saa 12 kwenda kusimama juani.

Kocha wake naye mpigie, usione aibu, pengine anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Timu usimhamishe kwanza, sauti itamfuata huko. Na wiki hii akisema tumbo linauma mwache alale, mwambie sawa mwanangu, na mpira uuache pale mlangoni anapouona.