Kii au tempo kwanza kwenye miksi ya tekno?

Kwa uliyeuliza kama lazima ngoma mbili za tekno ziwe kii moja (yaani noti kuu na skeli ileile) ndipo zichanganyike: hapana, cha lazima ni tempo, yaani kasi. Tekno nyingi huenda kati ya mapigo 125 na 145 kwa dakika, kwa hiyo kuoanisha kasi si kazi kubwa. Kii inakuwa na uzito pale ngoma zote mbili zina melodi, au besi yenye noti inayosikika wazi. Kama ni midundo mitupu, we changanya tu.

Mtego uko hapa: ukipandisha kasi kwa takriban 6% bila kufunga kii (kuiambia programu isibadilishe sauti kasi ikibadilika), sauti nayo inapanda nusu toni. Ngoma ya 130 ukiipeleka 138, kii ya A maina ishakuwa B-flati maina, na ile 8A ya kwenye gurudumu la Camelot (duara linalozipa kii namba, A kwa maina na B kwa meja) sasa ni 3A. Funga kii, au hesabu upya. Kutoka 8A, njia salama ni 7A, 9A au 8B.

Halafu programu za DJ hukosea sana kii za tekno (melodi yenyewe haba!), basi vaa hedifoni usikilize. Ngoma zikigombana, kata besi ya inayotoka kabla hujafungulia ya inayoingia.