Jibu: Kasri la Hamilton halikuungua, lilimalizwa na makaa ya mawe

Mkuu, umeuliza kama Hamilton Palace ya Uskoti iliteketea kwa moto na kama kuna kilichobaki. Moto hauhusiki. Familia iliyolimiliki, ya kina Duke wa Hamilton (Duke ni cheo cha juu cha ukabaila), ilipata pesa nyingi kutokana na makaa ya mawe ya ardhi yake, na uchimbaji ukafika hadi chini ya kasri. Makaa yakishaondolewa, miamba ya juu hushuka kujaza uwazi. Msingi ukishuka upande mmoja kuliko mwingine, kuta hupasuka. Ongeza madeni: mnada wa 1882 wa sanaa na samani za kasri ulichukua siku 17 na kuingiza karibu pauni 400,000, ukautawanya mkusanyo ambao hautarudi tena pamoja. Inauma sana. Ubomoaji ulianza miaka ya 1920.

Ukienda, anzia kaburi la ukoo lenye kuba, lililojengwa kwa ajili ya Duke wa 10, Alexander. Halafu nenda Chatelherault, nyumba ya uwindaji iliyosanifiwa na William Adam. Ukisimama mahali kasri lenyewe lilipokuwa hutaona kitu, kwa hiyo chukua kwanza ramani ya karne ya 19 ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, uiweke juu ya picha ya satelaiti. Barabara ndefu ya miti iliyounganisha kasri na Chatelherault ndiyo itakayokuelekeza.