Maswali ya wasomaji: Papi wetu kafa siku ya sita, safari hii tununue kwa nani?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Mwezi uliopita tulinunua German Shepherd dume kwa laki nne, tulimwona Instagram, jamaa akasema ana wiki nane na kashachanjwa, tukakutana nae sheli akatukabidhi ndani ya boksi na kadi ya chanjo juu. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi hakugusa chakula, jioni akaanza kutapika, Jumanne anaharisha damu na harufu nyumba nzima, tukamkimbiza akawekewa dripu lakini Alhamisi usiku akatutoka. Wanangu mpaka leo wanamuulizia. Sasa muuzaji anasema atatupa mwingine kwa nusu bei, tumfate wiki hii hii. Mume wangu anataka, mi naogopa. Nitamjuaje mfugaji wa kuaminika?

JIBU: Pole sana dada yangu, na hao watoto wape pole zangu, papi akikaa siku sita kwenye nyumba yenye watoto anakuwa ameshakuwa mwenzao.

Kabla ya habari ya mfugaji nianze na hili la wiki hii. Msichukue papi mwingine sasa hivi, si kwa huyo jamaa wala kwa mtu mwingine yeyote. Ulivyoelezea, kutapika, kuharisha damu, ile harufu, ni dalili za pavo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na kirusi hicho hakiondoki pamoja na mbwa aliyekufa, kinabaki kwenye sakafu, kwenye sahani yake, kwenye ndala zenu, na kwenye udongo wa uani kinaweza kukaa miezi mingi hata mwaka. Kudeki kwa sabuni ya kawaida hakukiui. Ondoeni uchafu wote kwanza, afu chukueni jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30, mwagieni kwenye sementi na vyombo, iacheni dakika 10 ndo msuuze. Boksi na matambara aliyolalia chomeni. Kazi ipo kwenye udongo, maana jiki kwenye udongo haina nguvu, hapo acheni jua lipige na msubiri, mi ningesema angalau miezi 6 bila papi kwenye huo uwanja, na kama kusubiri mnashindwa kabisa kwa sababu ya ulinzi basi tafuteni mbwa mkubwa kidogo aliyekwisha maliza chanjo zake zote za utotoni.

Sasa tuhesabu siku. Tangu mbwa aambukizwe pavo mpaka dalili zianze huwa ni siku 3 mpaka 7 hivi, wengine huenda mpaka 14. Wenu mmemchukua Jumamosi, Jumatatu asubuhi kashagoma kula. Yaani siku mbili tu. Huyo mtoto alitoka nao huko huko, na huyo mnayepewa kwa nusu bei kama ametoka banda hilo hilo basi amelala walipolala wenzake na amekanyaga walipokanyaga. Inawezekana muuzaji mwenyewe hajui, siwezi kumhukumu mtu nisiyemjua, ila mi nisingemgusa huyo mbwa hata angekuwa wa bure.

Haya, mfugaji. Watu wanaoniletea papi mgonjwa huwa nawauliza kitu kimoja kabla hata sijampima joto: mama yake mlimwona? Na mara nyingi sana jibu ni hapana, mama yuko shamba, mama yuko kwa kaka yake, mama ni mkali hatutakiwi kumsogelea, tulikutana njiani ili tusihangaike. Dada, mtu anayekuletea mbwa sheli ameshakuficha karibu kila kitu unachotakiwa kukiona. Mfugaji wa kweli anakwambia njoo nyumbani, na ukifika unamkuta mama yupo na watoto wake, watoto wakimwona wanamkimbilia, matiti yake yananing'inia kwa sababu ametoka kunyonyesha. Ikiwa anayeitwa mama matiti yamekaza kama jike ambalo halijawahi kuzaa na watoto wala hawana habari nae, huyo ni mbwa wa maonyesho tu, mama wa kweli hayupo.

Ukishamwona, usikimbilie kuchagua mtoto, kaa hapo hata nusu saa umwangalie yeye. Atabweka, ni haki yake, ana watoto, lakini mwenyewe akimtuliza anatulia? Au amejikunyata kona anatetemeka hata mwenye nyumba akimsogelea? Tabia ya mama inaenda kwa watoto, kwa damu na kwa kumwiga pia, na mama mwoga mara nyingi anakuletea mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndo anayeng'ata watoto wa jirani kwa sababu anang'ata akiwa amehofu. Angalia anavyotembea, mwambie mwenyewe amtembeze uani. German Shepherd na Rottweiler wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, kifupa cha paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake, mbwa akikua anachechemea, kuinuka ni shida, na ni maumivu ya maisha. Wafugaji makini wanawapiga eksirei ya nyonga wazazi kabla ya kuwapandisha. Muulize, hata kama huku kwetu wengi watakujibu hawajafanya, namna anavyolipokea swali yenyewe inakuonyesha ni mtu wa aina gani, kuna atakayesema sijafanya lakini baba na mama wote wana miaka minne na hawajawahi kuchechemea, waone hawa hapa, na kuna atakayekasirika.

Muulize pia mama ana miaka mingapi na amezaa mara ngapi. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka na mimba ni siku 63 hivi, kwa hiyo mtu akitaka hela anaweza kumzalisha mfululizo mpaka mbwa anaisha, anabaki mbavu. Nimewaona hao majike na kwa kweli inaniuma, mbwa ana miaka minne ukimtazama unadhani ana kumi. Jike akiwa mdogo wa joto la kwanza apumzike, akishazaa apumzike, anayejali atakwambia bila kuulizwa kwamba msimu uliopita hakumpandisha. Na baba je? Kama ni kaka wa huyo huyo jike, ondoka.

Afu umri. Wengi wanauza watoto wa wiki tano wanakwambia ni wiki nane, sababu papi wa wiki tano anakula chakula cha kununua na mwenye banda hataki gharama, na mnunuzi nae anamwona mdogo mzuri. Mfungue mdomo taratibu. Papi wa wiki 8 anakuwa na meno yake ya utoto yote, ni 28, madogo makali kama sindano, wa wiki tano magego ya nyuma bado hayajakamilika. Wiki hizo tatu si mchezo, ndo anapojifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza, anayekosa hayo anakuja kujifunzia meno yake kwa wanao.

Kadi ya chanjo uliyopewa nenda kaiangalie tena. Kadi ya kweli huwa ina kile kistika kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, pembeni tarehe ya kuchoma na sahihi au mhuri wa daktari. Yako nina wasiwasi imeandikwa tu kwa peni. Piga simu kwa huyo daktari, na kama hakuna jina la daktari basi kuna kitu hapo. Wapo wanaonunua chanjo dukani wakachoma wenyewe, na chanjo inatakiwa kukaa kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8, sasa mtu anatoka nayo Kariakoo kwenye mfuko wa kawaida, foleni, jua la saa saba, akifika Mbezi anachoma maji ya moto. Kadi inasema kachanjwa, mwili haujui kitu.

Na hata ikiwa imechomwa vizuri, chanjo moja ya wiki ya 6 au ya 8 haitoshi. Mtoto bado ana kinga aliyopata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, na kinga hiyo inaizuia chanjo isifanye kazi, ikiisha yenyewe hujui ni siku gani, ndo maana tunarudia kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16. Mfugaji akikwambia huyu kamaliza chanjo zote na papi ana miezi miwili, hajui kazi yake au anakudanganya. Ya kichaa cha mbwa inakuja akiwa na miezi mitatu, hiyo usiiruke hata kidogo maana binadamu dalili zikishaanza hakuna tiba. Dawa ya minyoo nayo uliza, watoto wanapata minyoo kutoka kwa mama, dawa inatakiwa waanze kupewa wakiwa na wiki 2. Tumbo limetuna kama mpira huku mgongo mifupa mitupu, hiyo si shibe, ni minyoo.

Sasa dalili ninayoiamini kuliko zote hizi: yeye anakuuliza nini? Mfugaji anayempenda mbwa wake anataka kujua una ukuta, mchana nani yupo nyumbani, utamfungia bandani saa ngapi, utamlisha nini, watoto wana umri gani, na ukishindwa utampeleka wapi. Wengine wanakwambia kabisa ukishindwa mrudishe kwangu usimtupe. Usichukie ukiulizwa hivo dada yangu, furahi. Anayeuliza tu unatuma hela saa ngapi, yeye ana haraka na hela. Na hela usitume kabla hujafika na kuona, hata ya kushikilia, picha nzuri za papi zinaibwa kila siku mtandaoni na mbwa mwenyewe hayupo popote.

Mkikubaliana andikianeni karatasi, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, bei, na kwamba mtampeleka kwa daktari mnayemchagua nyie ndani ya saa 48 na akikutwa mgonjwa hela inarudi. Mtu mwaminifu atasaini.

SWALI: Niko Nairobi, nataka Rottweiler. Kuna mmoja anauza bei ya juu sana kwa sababu mbwa wake wana karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachoandikisha ukoo wa mbwa. Hizo karatasi zinanihakikishia mbwa mzuri?

JIBU: Zinakuhakikishia ukoo, kwamba baba ni huyu, babu ni yule, na kwamba kuna mtu amejisumbua kuandikisha, hilo si dogo na lina thamani yake. Ila karatasi ya ukoo haijui kama nyonga za mama ni nzima wala kama banda lina pavo. Nenda ukaone, uliza yote niliyomwambia dada wa Kimara, na hakikisha karatasi unapewa na mbwa siku hiyo hiyo, hiyo ahadi ya "nitakutumia baadae" imewaliza wengi. Na kama lengo lako ni rafiki wa nyumbani tu na si kuzalisha wala maonyesho, kabla hujalipa pita KSPCA, shirika la kutetea wanyama, pale Karen, wana mbwa wanaotafuta nyumba na utakaa nao uwaone tabia.

SWALI: Dokta nina German Shepherd wa miezi mitatu, sikio moja limesimama moja limelala, majirani wananicheka wanasema nimeuziwa koko. Nimeanza kumpa vidonge vya kalisiamu. Ni kweli nimeibiwa? (Morogoro)

JIBU: Hapana, subiri. Masikio yao husimama kati ya miezi mitatu na sita hivi, na wakianza kung'oa meno ya utoto yanaweza hata kulala tena yakasimama baadae. Vidonge vya kalisiamu acha leo leo. Mbwa wa mwili mkubwa akiwa anakua, kalisiamu ikizidi inaharibu mifupa, na hiyo haina kurudi nyuma. Mpe chakula kizuri cha papi wa mwili mkubwa, au kama unampikia nyumbani mpeleke kwa daktari wa mifugo akupangie, na hilo sikio usilishikeshike.