Muulize Fundi Mtandao: kompyuta zinazopotea mtandaoni kila ikifika saa nne

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya sekondari huku Ilemela, nimekabidhiwa chumba cha kompyuta kwa kuwa tu najua kufunga projekta. Kuna kompyuta 24, printa mbili na sava moja yenye mitihani na matokeo. Wiki ya tatu sasa, asubuhi mambo yapo vizuri ila ikifika saa nne hivi kompyuta kama nane haziioni tena sava, intaneti nayo hakuna, na moja ilileta ujumbe kwamba anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao) inatumiwa na mwingine. Nimenunua raouta mpya lakini hali ni ileile. Wabeja sana.

JIBU: Mwalimu wangu, hiyo raouta mpya kama risiti bado unayo irudishe, maana nasoma barua yako naona kabisa ya zamani haina kosa. Kilichonishtua ni hiyo saa nne. Kifaa kibovu hakijui saa, kikifa kinakufa muda wowote, ila saa nne ni muda wa chai, walimu wanaingia ofisini, na nadhani kuna mtu anawasha kitu pale.

Iko hivi: kompyuta ikiwaka haina anwani, inapiga kelele kwenye waya mzima kwamba jamani nani anipe anwani, na raouta inajibu, hiyo kazi ndo inaitwa DHCP. Sasa kompyuta haichagui, inamchukua wa kwanza kujibu. Kama kuna mwalimu aliona waifai ya ofisini inasuasua akaleta raouta yake ya nyumbani akachomeka waya kutoka kwenye swichi yenu (lile boksi la kuunganisha nyaya za mtandao), na kwa nia nzuri kabisa, basi sasa mna wagawaji wawili ambao hawajuani, huyu anampa kompyuta fulani namba na yule anaitoa hiyohiyo kwa simu ya mtu, au anagawa namba za familia nyingine kabisa ambazo sava yako haimo.

Kesho ikifika saa nne kaa kwenye kompyuta iliyopoteza sava, fungua cmd (lile dirisha jeusi la Windows la kuandika amri), andika ipconfig /all, angalia mstari wa DHCP Server (aliyeipa anwani) na ule wa Default Gateway (raouta inayoitumia kutokea nje), kisha fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ambayo haijapoteza sava. Moja ikisema 192.168.1.1 na nyingine 192.168.0.1 umeshapata jibu. Zote zikisema namba ileile usikate tamaa, andika arp -a kwenye zote mbili ulinganishe ile anwani ya kifaa yenye herufi na tarakimu 12 mbele ya namba ya raouta, zikitofautiana ni maboksi mawili yamevaa jina moja. Kumpata huyo mgawaji wa pili alipo ni rahisi, kwenye kompyuta iliyopoteza sava acha ping -t (amri ya kuita namba bila kukoma) ya namba ya hiyo raouta ngeni iwe inakimbia, mtu mmoja aangalie skrini wewe nenda kwenye swichi chomoa waya mmoja mmoja, ukichomoa majibu yakakatika, ufuate waya huo utakufikisha mezani kwake.

Na ukifika usimnyang'anye tafadhali, walimu wanahitaji waifai. Ingia kwenye hiyo raouta uzime DHCP yake, uipe namba yake ya kudumu mfano 192.168.1.2, alafu waya uuchomeke kwenye moja ya zile tundu za LAN (za mtandao wa ndani), sio ile ya WAN (ya intaneti ya nje). Hapo inabaki kurusha waifai tu, kugawa anwani kunabaki kwa mmoja. Kwenye kompyuta zilizopotea andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew.

Ukishatuliza hilo, sava ipe namba isiyobadilika, tuseme .10 (yaani 192.168.1.10), printa .11 na .12, raouta kuu igawe kuanzia .100 mpaka .200. Hizo ni anwani 101, zinatosha kompyuta zako, lakini simu za walimu na wageni nazo zinachukua, na kama raouta inamwachia kila mtu anwani yake masaa 24 hata akishaondoka mtajikuta zimeisha, kwaiyo punguza muda uwe masaa mawili. Yote haya yaandike kwenye kauntabuku, namba gani ni ya nani, waya gani unaenda wapi, na kila waya ubandike karatasi yenye namba kwenye ncha zote mbili. Najua inaonekana kazi ya ukarani ila ndo usimamizi wa mtandao wenyewe huo, mimi nikiitwa mahali cha kwanza naomba daftari, na mara nyingi sana halipo.

SWALI: Mwanangu, sisi akina mama tuna ofisi karibu na Mwaloni, Kirumba, tunauza dagaa kwa jumla. Umeme ulikata na kurudi mara mbili usiku mmoja, mvua na radi, asubuhi sava ya mauzo haiwaki. UPS tunayo. Kijana wetu anasema tununue sava nyingine. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo mama, na poleni. Kabla ya kununua chochote mwambie kijana asiiguse ile diski ya sava yenye mauzo yenu kwa kujaribujaribu, aitoe, ainakili yote kwenye diski nyingine, kisha matengenezo kama fsck (programu ya Linux ya kukagua na kurekebisha mafaili ya diski) ayafanyie kwenye ile nakala. Wengi wanaanza na fsck juu ya diski inayokufa, na kilichobaki kinapotea.

UPS mama sio jenereta, inakupa dakika chache za kuzima kwa heshima. Kama ule waya wa USB kutoka UPS haujaunganishwa kwenye sava na hakuna programu ya kuiambia sava ijizime, kwa sava za Linux ipo inayoitwa NUT na ni ya bure, basi betri inaisha usiku mmelala na sava inaanguka vilevile. Betri zenyewe zinachoka baada ya miaka mitatu minne hivi, kwenye joto mapema zaidi. Na radi za ziwani hapa zinapiga sana usiku, kwaiyo kama kuna waya wa mtandao umetoka ofisini kwenda stoo kwa juujuu, huo ndo mlango wa radi, wekeni faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme. Athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) nayo ipimwe, Mwanza hii ya mawe fimbo unapigilia inagota juu tu.

Alafu bakapu. Kuna ofisi moja niliitwa, bakapu ilikuwa inafanyika kila usiku, tukafungua diski tukaona mafaili yamepangwa kwa tarehe vizuri kabisa, kila moja ukubwa sifuri. Diski ilijaa zamani na hakuna aliyewahi kufungua hata faili moja. Yule dada wa hesabu alikaa chini pale pale sakafuni, sijamsahau. Kwaiyo mama wekeni nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya ofisi, hata nyumbani kwako, na kila mwezi kijana afungue moja mbele yako akuonyeshe mauzo ya siku utakayoitaja wewe.

SWALI: Kaka mambo, mimi mwanachuo Nyegezi, nimekodi sava ndogo ya Ubuntu 20.04, nikiangalia auth.log (faili la kumbukumbu za wanaoingia) kuna maelfu ya watu wanajaribu kuingia kama root (mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote). Nimedukuliwa?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hao ni maroboti, yanapita kwenye kila sava duniani yenye SSH (njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali) wazi kwenye poti 22, kujaribu sio kuingia. Tafuta mistari ya Accepted (walioruhusiwa kuingia), kama yote ni wewe basi hakuna mwingine aliyeonekana kuingia kwa njia hiyo. Ila hiyo 20.04 msaada wake wa kawaida uliisha 2025, hamia toleo jipya. Tengeneza ufunguo wa SSH, zima kuingia kwa paswedi, zima root, weka fail2ban (programu inayofungia wanaokosea kuingia mara nyingi). Na ukibadilisha hayo usifunge dirisha ulilomo, fungua la pili ujaribu kuingia kwanza, likikubali ndo ufunge la kwanza.