Doa jekundu lisilouma chini ya ulimi

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni baba wa miaka 54, naishi Mbagala. Chini ya ulimi, upande wa kushoto, nina doa jekundu, sasa ni mwezi wa nne. Haliumi, ila pilipili ikiligusa linawasha. Navuta sigara, na zamani nilikuwa natumia ugoro. Duka la dawa walinipa dawa ya fangasi, nimemaliza chupa mbili. Jirani akanishauri nipake GV. Je, hii ni fangasi sugu au upungufu wa vitamini?

JIBU: Kaka yangu, sidhani kama ni mojawapo. Fangasi ya mdomoni ikipata dawa yake, wiki mbili hazipiti bila nafuu ya kuonekana, na hupenda kukaa kwenye kaakaa, hasa kwa mtu anayelala na meno ya bandia: wekundu unafuata umbo la bamba la meno hayo na kuishia pale pale ukingo wake unapoishia. Upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12 huufanya ulimi wote uwe mwekundu na laini, ukiwaka. Hauchagui sehemu moja upande wa kushoto. Kuna pia madoa mekundu yenye ukingo mweupe yanayohamahama juu ya ulimi, leo hapa, wiki ijayo pale. Hayo hayana neno. La kwako limeganda mahali pamoja miezi minne, tena chini ya ulimi, kwa mvutaji. Hilo linataka kukatwa kinyama kikapimwe.

Kinachonichosha ni hili neno "haliumi". Nalisikia kila wiki, na mtu hulisema kama vile ameniletea cheti cha afya. Kidonda cha kujing'ata kinauma hadi machozi yatoke, na baada ya siku kumi kimekwisha. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa. Maumivu huja ikishachimba chini, wakati ulimi umeanza kuwa mzito na tezi ya shingo imevimba.

Doa la kuogopa lina sura yake: jekundu lililokoza, laini kama mahameli, mpaka wake unaonekana wazi. Ngozi ya ndani ya mdomo pale imekuwa nyembamba na chembe zake zimeharibika, ndiyo maana damu ya chini inaonekana. Mwaka 1975 Shafer na Waldron wa Marekani walichapisha matokeo ya vinyama 65 vya madoa ya aina hii. Asilimia 51 vilikuwa tayari ni saratani iliyopenya, asilimia 40 vilikuwa na saratani ya juu juu au mabadiliko makali ya kuielekea, na vilivyobaki vilikuwa na mabadiliko madogo au ya wastani. Hakikupatikana hata kimoja kisicho na kasoro. Sisemi lako ndilo hilo, kwa macho tu hakuna anayejua. Ndiyo sababu ya kipimo.

Sasa hiyo GV. Ukishalipaka zambarau, daktari ataona nini? Rangi ya doa, ukingo wake, vyote vimefunikwa. Na GV ina afadhali kuliko dawa za wale wanaouza unga wa mizizi wa "kuondoa sumu mdomoni" pembeni mwa vituo vya daladala, ambao huwaunguza watu hadi ngozi ikabanduka, kisha wakadai uchafu unatoka. Wengine wanawatisha wagonjwa kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Si kweli. Kinyama chenyewe ni kidogo, unachomwa ganzi, unashonwa nyuzi chache, jioni unakunywa uji wako wa vuguvugu. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni hiyo miezi ya kupaka na kusukutua. Kwa wauzaji hao, jipu, mba, doa, yote ni dawa ile ile.

Doa lolote jekundu, jeupe au lenye rangi zote mbili likipita wiki mbili baada ya kuondoa kinachokwaruza, liwe jino lenye ncha au bamba la meno, lipimwe. Kwa mvutaji, mnywaji wa pombe kali au mtumiaji wa ugoro na tambuu, asisubiri hata hizo wiki.

Wewe nenda wiki hii kliniki ya kinywa na meno, Hospitali ya Rufaa ya Temeke iko karibu nawe. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa ya Muhimbili. Acha GV kuanzia leo, na uende na chupa za dawa ulizomaliza.